Tone la ghorofa ya juu ni la nani?

Katika barua na ujumbe mnaotuletea hapa studioni, hakuna kero ya nyumbani inayorudiwarudiwa kama ya maji yanayovuja. Safari hii mama mmoja anayeishi ghorofa ya chini, katika mojawapo ya majengo ya zamani ya Upanga jijini Dar es Salaam, anatueleza kwamba dari la chumba chake cha kulala limelowa tangu mwezi wa Ramadhani. Plasta imeanza kubabuka, na usiku mmoja taa ya chumbani ilizimika yenyewe ikaacha harufu ya kuungua. Alipopanda juu kubisha hodi, jirani yake alimkaribisha kwa heshima zote, akamwonyesha bafu lake. Sakafu kavu, mabomba makavu. Akamwambia, "Mama, kwangu hakuna kinachovuja." Sasa mama huyu anauliza: je, nimshitaki kwa mjumbe?

Kabla ya kumtafuta mwenye kosa, kuna jambo la haraka zaidi, nalo ni ile harufu ya kuungua. Maji yaliyoingia kwenye kisanduku cha taa ndani ya dari hayahitaji kuwa mengi ili yaue. Mama, tafadhali, zima swichi ya njia ile ya umeme kwenye kisanduku cha fyuzi. Na kama hujui ni ipi, zima swichi kuu, uulize. Taa ile isiwashwe tena hadi dari likauke na fundi umeme alikague. Kitanda nacho kihame. Plasta iliyolowa kwa miezi ni nzito kuliko inavyoonekana, na haipigi hodi kabla ya kuanguka.

Jambo la pili ni zege lenyewe. Ndani ya sakafu ya ghorofa kuna nondo, na nondo ni chuma. Chuma kinapoota kutu, kutu ile huchukua nafasi kubwa zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoiota. Inavimba ndani ya zege, zege halina pa kukimbilia, linapasuka. Mkiona dari lina mistari ya rangi ya kahawia inayokwenda sambamba, au vipande vya zege vimemeguka na nondo inachungulia, hapo mabomba pekee hayatoshi kuzungumzwa. Aitwe mtu wa majengo. Kwa hiyo tone lile, ambalo jirani wa juu halioni na jirani wa chini analifukuza kwa ndoo, linakula mali ya wote wawili.

Sasa, kwa nini majengo haya yanavuja kiasi hiki? Tukumbuke umri wake. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, na sehemu kubwa ya maghorofa ya Upanga, Kariakoo na Ilala ambayo watu wanayaita ya zamani yana umri wa miaka hamsini au sitini, mengine zaidi. Mtambo wa Ruvu Juu ulianza kuleta maji mjini mwaka 1959, na ule wa Ruvu Chini mwaka 1976. Mabomba yaliyotandazwa ndani ya kuta siku hizo yalikuwa ya chuma kilichovikwa zinki, yakaungwa kwa nyuzi za katani zilizopakwa rangi ya mafuta. Ilikuwa kazi nzuri. Mafundi wale hawakuwa wababaishaji, na kuna maungio yao ambayo hadi leo hayajatoa hata jasho.

Lakini bomba la chuma huoza kwa ndani, mahali jicho lisipofika. Zinki inalilinda kwa miaka mingi, kisha inakwisha, kutu inaanza kujijenga kama matandu ndani ya chungu. Dalili ya kwanza si kuvuja. Dalili ya kwanza ni maji kupungua nguvu, na kutoka mekundu asubuhi koki inapofunguliwa. Na mahali panapooza mapema kuliko pote ni kwenye nati za bomba, pale fundi alipochonga ili liingie kwenye soketi au elbo. Alipochonga, aliondoa zinki, na akalifanya bomba kuwa jembamba. Ndiyo maana bomba la zamani aghalabu huvujia kwenye ungio, na aghalabu ungio lenyewe limezikwa ukutani nyuma ya vigae vya bafuni.

Jambo jingine linaloyachosha ni mgawo. Wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau mgawo wa mwaka 2022, ukame ulipoupunguza Mto Ruvu. Bomba lililojaa maji saa zote linapata kutu polepole, maana hewa ni kidogo. Bomba linalojaa leo na kukauka kesho linapata maji na hewa kwa zamu, na hicho ndicho chakula cha kutu. Tena maji yanaporudi baada ya siku mbili huja yakisukuma hewa mbele yake. Mtakuwa mmewahi kusikia mabomba yakigonga na kutetemeka ukutani usiku wa manane. Kila mgongo huo ni nyundo kwenye ungio la mwaka 1965. Dawa yake ni ndogo: maji yakikatika, msiache koki zimefunguliwa zote, na yanapoanza kurudi fungueni koki moja ya chini, kidogo tu, hewa itoke taratibu.

Turudi kwa jirani wa juu. Aliposema kwake hakuna kinachovuja, yumkini alisema kweli kama alivyoiona. Maji yakitoka kwenye ungio lililofichwa ukutani hayapandi juu ya vigae kumwonyesha mwenye nyumba. Yanashuka, yanafika kwenye zege, yanatambaa juu ya zege chini ya sakafu, na yanatokea pale yanapopata ufa au tundu la waya wa taa. Inawezekana kabisa ufa huo uko mita mbili au tatu kutoka bafuni. Kwa hiyo kutazama hakutoshi. Inabidi kuyauliza maji yenyewe, na maji hujibu kwa wakati yanapodondoka.

Mama yetu achukue daftari. Kwa siku tatu aandike dari linadondosha saa ngapi, na jirani wa juu, kwa hisani yake, aandike anaoga saa ngapi, anafua lini, anavuta choo lini. Halafu waketi pamoja walinganishe. Kama dari linadondosha mchana na usiku bila kujali kinachofanyika juu, na linapungua tu maji ya jiji yakikatika au tangi likiwa tupu, basi ni bomba la maji safi, lile lenye msukumo saa zote. Kama linadondosha muda mfupi baada ya mtu kuoga, kisha linakauka, basi bomba la maji safi halina kosa. Ni bomba la kutolea maji machafu, au maji yanapenya kwenye mistari ya vigae ambako saruji nyeupe imetoka. Kama linadondosha choo kinapovutwa, ni ile shingo kati ya sinki la choo na bomba kubwa, na hiyo isicheleweshwe hata siku moja, maana kinachodondoka hapo mnakijua. Na kama linadondosha mvua ikinyesha tu, jirani hana kesi. Tazameni paa, mifereji na madirisha.

Kati ya bomba la maji machafu na mistari ya vigae, njia ya kutofautisha ni hii. Zibeni tundu la sakafu ya bafu kwa kitambaa kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, mwageni maji kwa kina cha vidole viwili, mkayatia rangi kidogo ya chakula, yakae saa mbili. Chini wekeni karatasi nyeupe. Rangi ikitokea wakati tundu bado limezibwa, sakafu yenyewe ndiyo inayopitisha. Isipotokea, zibueni. Ikitokea baada ya kuzibua, ni bomba la chini ya tundu. Jaribio hili gharama yake ni pakiti moja ya rangi, na limewaepusha watu wengi kuvunja bafu zima kwa kubahatisha. Nasisitiza hili kwa sababu wako mafundi ambao dawa yao ya kwanza kwa kila ugonjwa ni tindo na nyundo.

Kwa upande wa maji safi, shahidi ni mita. Chagueni usiku ambao maji yanatoka vizuri. Fungeni koki zote, jazeni ndoo za usiku mapema, hakikisheni tangi limejaa na boya limefunga, halafu andikeni tarakimu za mita, pamoja na zile nyekundu za mwisho. Asubuhi, kabla ya mtu yeyote kunawa uso, someni tena. Kama tarakimu zimesogea, maji yamekwenda mahali. Sasa fungeni ile valvu iliyo baada ya mita na mtazame: mita ikisimama, tatizo liko kwenu, ikiendelea kuzunguka hali valvu imefungwa, ama valvu hiyo haizibi, ama pana uvujaji kati ya mita na valvu. Uvujaji ulio kabla ya mita ni wa mamlaka ya maji, na hao wapigieni simu. Uliopita mita ni wa mteja, na utaulipia hata kama hukuuona. Nyumba yenye tangi la juu ina jaribio la ziada: fungeni maji yanayoingia kwenye tangi, pigeni alama ya chaki kwenye usawa wa maji kwa ndani, au pimeni kwa fimbo, kisha rudini asubuhi.

Hapa wengi huuliza: tone ni kitu gani? Msichukue hesabu ya mtu, chukueni kikombe. Kikombe cha robo lita kikijaa kwa dakika 15, koki ile inatoa lita moja kwa saa, lita 24 kwa siku, lita 720 kwa mwezi. Uniti moja ya mita ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Kwa hiyo koki hiyo moja, ambayo hakuna anayeisikia ila mgeni anayelala sebuleni, inamwaga ndoo 36 kila mwezi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kinakwenda kwenye bili.

Lakini koki bado ni mwizi mdogo. Mwizi mkubwa ni tangi la choo, kwa sababu huiba kimya. Maji yake hayadondoki sakafuni, yanateleza ndani ya sinki kwa utando mwembamba usioonekana. Likipoteza lita moja kila dakika mbili, hiyo ni lita 720 kwa siku, karibu uniti 22 kwa mwezi! Kulikamata ni rahisi: chukueni bluu ya kufulia, koroga kidogo ndani ya tangi la choo, msivute kwa nusu saa. Maji ya sinki yakigeuka rangi, raba ya chini ya tangi imechoka au imekaa na uchafu. Funga valvu ya choo, vuta maji yaishe, toa raba, safisha kikao chake kwa kitambaa, na kama raba imekakamaa au imepinda, nunua nyingine ukiwa umeishika ile ya zamani mkononi, maana zipo za aina nyingi na muuza duka atakuambia zote ni sawa. Kama rangi haikutokea lakini maji yanasikika yakitiririka, tazama bomba la kumwagia maji ya ziada; ikiwa maji yanaingia humo, boya liko juu mno. Lishushe hadi maji yasimame kiasi cha sentimita mbili au tatu chini ya mdomo wa bomba hilo.

Koki inayodondosha haiponi kwa kukazwa. Kila anayeikaza kwa nguvu anaikata raba yake ndani, na kesho inahitaji mkono wenye nguvu zaidi. Ndiyo maana katika nyumba nyingine watoto hawawezi kufungua maji, baba ndiye mwenye ufunguo wa kiganja. Funga valvu, fungua koki maji yaishe, ziba tundu la sinki kwa kitambaa ili skrubu isizame, fungua kichwa cha koki kwa spana, na mwisho wake utaona kiraba cha duara. Badilisha kwa saizi ile ile. Kabla ya kufunga, pitisha kidole kwenye kikao cha shaba ambacho raba inakalia. Kikiwa na vishimo, raba mpya itaishi wiki chache tu, na ni heri kununua koki nzima. Zile koki za kisasa zinazofungwa kwa robo mzunguko hazina raba ya namna hiyo. Zina kifaa cha ndani chenye visahani vya kauri, nacho hubadilishwa kizima.

Tuje kwenye maungio, hapa ndipo kazi mbovu inapozaliwa. Ile tepu nyeupe ya mafundi, tredi tepu, ni kitu kizuri kikitumiwa mahali pake. Shika bomba mdomo ukikutazama, zungusha tepu kufuata mwendo wa mishale ya saa, uivute kidogo ikae ndani ya nati. Ikizungushwa kinyume, inajikusanya yenyewe bomba linapokazwa, na ungio linavuja siku hiyo hiyo. Tepu nyembamba ya dukani inataka mizunguko kumi hivi kwa bomba la nusu inchi. Mizunguko mitatu ni ya kuridhisha macho. Na ukishakaza, usirudishe nyuma ili koki ikae wima. Kaza mbele hadi ifike, au fungua uanze upya kwa tepu mpya. Nyuzi za katani huvumilia kurudishwa kidogo, tepu haivumilii.

Halafu kuna mahali ambapo tepu haina kazi kabisa, na ndipo inapowekwa sana: kwenye yale mabomba laini yanayopinda chini ya sinki la kunawia, na kwenye yunioni. Hapo kinachozuia maji ni raba bapa iliyo ndani ya nati kubwa, au nyuso mbili zinazobanana, wala si nati yenyewe. Ukiona hapo panavuja, fungua, badilisha raba au safisha nyuso, funga. Kuzungushia tepu nusu roli ni sawa na kufunga bendeji juu ya kanzu.

Na saruji? Saruji iliyobandikwa juu ya bomba linalovuja haizibi kitu. Bomba linatanuka, linatikisika, saruji inapasuka, maji yanapata njia nyingine, na sasa huoni yanapotokea. Kama ni dharura, usiku, tundu dogo kwenye bomba lililo wazi na fundi hapatikani, basi tumia mpira wa ndani wa baiskeli. Funga maji, kausha bomba, piga msasa kutu iliyolegea, kata ukanda mrefu wa mpira, uzungushe ukiuvuta kwa nguvu kuanzia kiganja kimoja kabla ya tundu hadi kiganja kimoja baada yake, kila mzunguko ukilalia nusu ya uliotangulia, kisha ufunge kwa waya wa kufungia nondo. Utakupa nafasi ya kulala. Fundi aje hata hivyo, kwa maana bomba lililotoboka pamoja lina matundu mengine yanayosubiri zamu.

Hili la mwisho ndilo gumu kwa wenye nyumba za zamani. Ukifungua ungio moja lililooza, nguvu ya spana inakwenda kwenye ungio la jirani yake, nalo limeoza vile vile. Unaziba bafuni, linafunguka jikoni. Mimi naona hivi: mabomba yakishavuja mara mbili au tatu kwa mwaka mmoja, na maji ya asubuhi ni mekundu, pesa za viraka zimeshapotea. Ni afadhali kuyaacha yale ya ukutani yafe humo humo, yakatwe na kuzibwa, na kupitisha njia mpya nje ya ukuta, mahali panapoonekana. Wengine wanasema haipendezi. Dari linalodondokea kitanda nalo halipendezi.

Siku hizi mafundi wengi hutumia mabomba ya plastiki yanayounganishwa kwa moto, yanayojulikana kwa herufi PPR. Haya hayagundishwi kwa gundi. Yanayeyushwa kwa mashine yenye joto la nyuzi 260, bomba na soketi vikiwa pamoja kwenye mashine kwa sekunde chache, kisha vinasukumwa kuingiana bila kuzungushwa, na kushikwa vitulie. La milimita 20 ndilo linalochukua nafasi ya lile la nusu inchi. Simameni karibu na fundi, mtazame mambo mawili. Kwanza, ncha ziwe kavu. Tone la maji likibaki ndani ya bomba linageuka mvuke kwenye moto na kuacha kitundu ndani ya ungio, kitundu ambacho kitavuja mwezi ujao. Pili, asipitishe muda kwenye mashine akidhani kuzidisha ni kuimarisha. Plastiki iliyoyeyuka sana inajikunja ndani na kuziba nusu ya njia. Mabomba meupe au ya kijivu ya PVC ndiyo ya gundi: yakatwe sawa, yafutwe, yapigwe msasa, yapakwe pande zote mbili, yaingizwe kwa robo mzunguko na kushikwa. Maji yasifunguliwe kabla gundi haijakauka, na kusubiri kesho yake hakujamwua mtu. Pia plastiki hizi hazipendi jua. Bomba la PVC lililo juu ya paa bila kufunikwa wala kupakwa rangi linakuwa kama kaki baada ya miaka.

Kwa kuwa kila nyumba sasa ina tangi, neno moja juu ya tangi. Lita 2,000 za maji ni tani mbili. Tangi la plastiki linataka kukaa kwenye sakafu iliyonyooka, kitako chake chote kimeegemea. Likikaa juu ya mbao zenye nafasi, kitako kinabonyea kati ya mbao, na ungio la kutolea maji linapindwa kila tangi linapojaa na kupungua, hadi lipasuke. Bomba linalotoka nalo liwe na kishikio chake ukutani, lisining'inie kwenye tangi. Na bomba la kumwagia maji ya ziada lielekezwe mahali ambapo likimwaga mtaliona na kuona haya, wala si nyuma ya nyumba. Vidimbwi vinavyotokana na uzembe huo, na matangi yasiyofunikwa, ni mazalio ya mbu yule anayeeneza homa ya dengu, iliyotusumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019.

Nimebakiza jambo ambalo mimi naliona ni zito kuliko bili. Watu hudhani tundu la bomba ni mlango wa kutokea tu. La hasha. Maji yanapokuwa na msukumo, yanatoka. Maji yanapokatika na nyumba za mabondeni zinaendelea kuyanyonya, bomba linabaki na utupu, na utupu huvuta. Kama tundu hilo limelala kwenye tope la mfereji wa maji machafu, au karibu na shimo la choo, linavuta hayo. Yanaporudi maji, lita za kwanza zinawaletea mlichokwepa. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 na kuenea mikoani ulitukumbusha jinsi maji na kinyesi vinavyokutana kirahisi katika miji yetu. Kwa hiyo bomba linalovuja mtaani, lile ambalo watoto wanachezea na vijana wanaoshea bodaboda, si neema. Toeni taarifa. Na baada ya mgawo, maji ya kwanza yamwageni chooni au kwenye maua, ya kunywa yachemsheni.

Basi, mama wa Upanga, usiende kwa mjumbe kwanza. Panda tena juu na daftari, pakiti ya rangi na karatasi nyeupe. Mwambie jirani hukuja kumlaumu, umekuja mjue pamoja. Someni mikataba yenu ya pango: kwa kawaida raba ya koki ni ya mpangaji, lakini bomba lililo ndani ya ukuta au sakafu ni la mwenye jengo, na hapo nyote wawili mko upande mmoja. Barua mtakayompelekea iwe na tarehe, saa na picha za dari, na iwe na sahihi mbili. Barua ya mtu mmoja huitwa malalamiko, na ni rahisi kuiweka chini ya faili.

Fundi akija na kuvunja ukuta, msimruhusu afunike siku hiyo. Ungio jipya liachwe wazi, maji yafunguliwe kwa nguvu zake zote, gazeti kavu liwekwe chini yake, kila mtu akalale. Asubuhi gazeti likiwa kavu, pigeni picha ya ukuta ukiwa wazi, pamoja na futi ya kupimia ikionyesha bomba liko umbali gani kutoka mlangoni na kimo gani kutoka sakafuni, ili atakayepiga msumari wa pazia mwaka ujao ajue pa kupiga. Halafu ndipo mlipe, na plasta ianze.